Jina la Mbinu na Kazi ya Mbinu: Uchambuzi wa Lugha ya Ushawishi katika Mtihani wa Kiingereza, Kinondoni na Temeke

Mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya kata ya Mbagala au ya Bunju hupewa kazi mbili zinazofanana, lakini zikahesabiwa kuwa mbali kama mashariki na magharibi. Katika somo la Kiswahili huulizwa tamathali za semi na mbinu nyingine za kisanaa zilizomo katika shairi, riwaya au tamthilia. Katika somo la Kiingereza huulizwa jambo lile lile juu ya vitabu vingine na kwa lugha nyingine. Walimu ni wawili, madaftari ni mawili, na aghalabu hakuna neno linalovuka kutoka daftari moja kwenda la pili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba udhaifu unaoonekana katika majibu ya Kiingereza si wa Kiingereza peke yake. Sehemu yake kubwa imo katika desturi ya kuitaja mbinu kwa jina na kuishia hapo. Na desturi hiyo haikuletwa na somo la Kiingereza, bali imelelewa pia na somo la Kiswahili, na kwa kiasi fulani na istilahi zilizosambazwa na wataalamu wenyewe.

Yafaa kwanza kukumbuka mtihani huu ulivyofika ulipo. Baada ya uhuru shule za sekondari za Tanganyika ziliendelea kufanya mtihani uliotoka Cambridge. Kisha, mwaka 1967, likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Baraza la Mitihani la Tanzania liliwekwa kwa sheria namba 21 ya mwaka 1973, na kwa miaka mingi limekuwa na ofisi zake Mikocheni, katika wilaya ya Kinondoni. Kwa miaka mingi watahiniwa wa kidato cha nne wamejibu maswali ya fasihi ya Kiingereza kwa kutumia vitabu vya Kiafrika: The Black Hermit cha Ngũgĩ wa Thiong'o, The Lion and the Jewel cha Wole Soyinka, Three Suitors: One Husband cha Guillaume Oyono-Mbia, na katika ushairi, Summons, mkusanyo wa mashairi ya Watanzania uliohaririwa na Richard Mabala na kutolewa mwaka 1980. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa na ya kupongezwa. Walakini kilichobadilika zaidi ni rafu ya vitabu; namna ya kuuliza, na hasa namna ya kujibu, haikusogea kwa mwendo huo huo.

Habari ya uhaba wa Kiingereza katika sekondari inajulikana sana na haina haja ya kurefushwa hapa. Criper na Dodd waliieleza bila kuficha katika ripoti yao ya mwaka 1984, na Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro wakairudia kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1997. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004, na tena baada ya ada kuondolewa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, shule za kata zimewapokea watoto ambao zamani wasingalifika sekondari kabisa. Wengi wao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na ghafla kidato cha kwanza hugeuza karibu kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, kuwa la Kiingereza. Ripoti ambazo Baraza hutoa juu ya majibu ya watahiniwa hutaja mara kwa mara upungufu wa umilisi wa lugha. Lakini upungufu wa lugha, ukichukuliwa kuwa jibu la kila swali, huficha jambo la pili. Mwanafunzi asiyejua Kiingereza hawezi kuandika uchambuzi, hapana shaka. Je, akikijua, ataandika uchambuzi? Hapo ndipo penye shaka.

Mtu akitaka kujua kama vijana wa Temeke wanaufahamu ushawishi, asianze na karatasi za mtihani. Aende soko la Tandika saa kumi na moja jioni. Huko muuzaji wa nguo humwambia mwanamke asiyemjua, “Dada, hii siyo ya kukuuzia, hii ya kukupa, toa elfu mbili ya nauli tu.” Katika maneno hayo machache mna mambo manne. Muuzaji kwanza amejenga udugu, na udugu huo umetangulia bei. Pili, amekana kwamba anauza, nayo ni mubalagha ambayo hakuna anayedanganywa nayo, kwa maana mnunuzi na muuzaji wote wawili wanajua ni mchezo. Tatu, bei imevishwa jina la nauli, na hiyo ni tafsida. Nne, neno tu, lililowekwa mwisho, limeipunguza fedha kabla haijahesabiwa. Kijana anayemsaidia mjomba wake kwenye meza hiyo baada ya masomo huyatamka maneno ya namna hiyo, huyageuza kwa kumtazama mteja, na huyaacha pindi yanaposhindwa. Anajua kwamba neno lililomfaa mama mtu mzima halimfai kijana mwenzake. Kesho yake asubuhi, darasani, huulizwa maana ya tafsida naye hujibu kwa sentensi aliyoikariri, bila kutambua kwamba jana aliuza nayo suruali.

Kanga hutoa ushahidi wa namna nyingine. Maandishi ya “Asiyekujua hakuthamini” ni yale yale mama anapompa binti yake kanga hiyo siku ya kumaliza shule, na ni yale yale jirani anapoivaa kwenda kwenye arusi ambayo alialikwa dakika ya mwisho. Mara ya kwanza ni faraja; mara ya pili ni mshale. Hakuna neno lililobadilika, wala hakuna jina la mbinu litakaloeleza tofauti hiyo, kwa kuwa tofauti haimo katika kitambaa bali katika nani anamwambia nani, wapi, na baada ya jambo gani. Wanawake wa Mwananyamala na Tandale hawahitaji kufundishwa hayo. Hadhira iliyosikiliza mipasho ya taarabu ya Dar es Salaam katika miaka ya 1990, wakati vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikijibizana, ilikuwa hodari kabisa katika kuamua neno limemlenga nani. Huo ndio uchambuzi ambao mtihani unautafuta, nao unapatikana kwa wingi nje ya uzio wa shule.

Kwa nini basi hauingii ndani? Sababu mojawapo imo katika majina. Istilahi za Kiswahili za mbinu za lugha zimetoka, kwa sehemu kubwa, katika elimu ya balagha ya Kiarabu, na zile za Kiingereza zimetoka katika Kigiriki kwa njia ya Kilatini. Kwa mtoto wa Yombo zote ni ngeni sawasawa. Lakini kati ya ugeni huo na mtoto kuna mlango ambao haufunguliwi, nao ni asili ya maneno yenyewe. Tashibiha ni ndugu wa neno shabihi, ambalo bado linasikika watu wanaposema kwamba watoto wawili wanashabihiana. Takriri ni ndugu wa kukariri. Tashihisi imetoka katika shakhsi, yaani mtu: ni kukipa kitu utu. Sitiari ni kuazima. Neno limeazimwa kutoka kwa mwenyewe likatumiwa kwingine, na kilichoazimwa bado kina mwenyewe. Wagiriki walikiona kitendo hicho hicho kuwa ni kuhamisha mzigo. Mwenye kufananisha picha hizo mbili, ya kuazima na ya kuhamisha, amekwisha kupata somo zima la sitiari kabla ya kuandika fasili yake. Na balagha yenyewe inatokana na mzizi wa kufikia, mzizi ule ule wa kubalehe, ambako ni kuufikia utu uzima. Neno la balagha ni neno lililofika kwa msikilizaji. Ni ajabu kidogo kwamba shuleni jina hilo pana limebanwa likabaki kuwa sifa ya aina moja tu ya swali.

Hilo la kubanwa si la balagha peke yake, na wataalamu wa istilahi wana wajibu wa kulitazama. Kinaya, katika vitabu vya Kiarabu, ni kusema jambo kwa kupitia jambo jingine linalolizunguka: mkarimu huitwa mwenye majivu mengi, kwa kuwa anayepikia wageni kila siku hana budi kuwa na majivu mengi jikoni. Katika Kiswahili cha shule kinaya kimekuwa kusema kinyume cha kinachokusudiwa, au jambo kutokea kinyume cha lilivyotazamiwa. Majazi ni kisa kikubwa zaidi. Katika asili yake ni jina la matumizi yote ya neno yanayovuka maana yake ya kwanza. Shuleni ni desturi ya kumwita mhusika kwa tabia yake, kama Shaaban Robert alivyomwita mshtaki wa Karama, katika Kusadikika ya mwaka 1951, Majivuno. Neno lina haki ya kubadilika maana linapohamia lugha nyingine, na haitakuwa busara kumtaka mwalimu wa Mbagala arudi kwenye fasili za Baghdad. Ubaya ni mwingine: majina yamegawanywa kama lebo za chupa, kila moja kwa kitu kimoja, na kwa kuwa lebo za Kiswahili na za Kiingereza hazikukatwa kwa mkasi mmoja, mwanafunzi anayetaka kutafsiri daftari moja kwa jingine hupotea njiani. Hukata shauri kwamba hayo ni masomo mawili yasiyohusiana.

Ni vema kuchukua kifungu kimoja na kukifuata mpaka mwisho. Kifungu hiki kimetungwa kwa ajili ya maelezo haya, kwa mfano wa maneno ambayo mjumbe wa mtaa ulio bondeni angeweza kuwaambia wenzake kabla ya mvua za masika:

“Ndugu zangu, mtaro huu ulichimbwa na baba zetu. Mtaro huu umezibwa na nani? Mwaka jana maji yalibisha hodi. Mwaka huu yameingia bila hodi. Mwakani yatapanda kitandani, na sisi tutalala wapi?”

Jibu la kawaida la mtahiniwa ni kwamba msemaji ametumia takriri, tashihisi na swali la balagha, na kwamba mbinu hizo zimeipamba kazi na kumvutia msikilizaji. Jibu hilo si la uongo. Kosa lake ni kwamba linafaa kifungu hiki na vifungu vingine elfu moja. Mtu angeweza kuliandika bila kukisoma. Kifungu chenyewe kinasema mambo mengi zaidi. Maneno mtaro huu yamerudiwa ili sentensi mbili zenye umbo moja zisimame bega kwa bega, na zote mbili ni za kutendwa: ulichimbwa, umezibwa. Katika ya kwanza mtendaji ametajwa, nao ni baba zetu. Katika ya pili nafasi ya mtendaji imewekwa swali, na nafasi hiyo, kwa kuwa imesimama mahali pale pale pa baba zetu, inawaita watoto wao waje kuijaza. Msemaji hakumshtaki mtu. Sarufi imeshtaki kwa niaba yake.

Tena kuna hodi. Kusema kwamba maji yamepewa tabia ya mtu ni kuanza tu. Hodi ni ombi linalongoja karibu. Mwenye kupiga hodi anakiri kwamba nyumba ina wenyewe. Mwaka jana maji yalikuwa bado ni mgeni mwenye adabu. Mwaka huu yameivunja adabu, na mwakani yatakuwa mwenye nyumba, ilhali wenye nyumba wamekuwa wageni wasio na pa kulala. Kupanda huko kwa ngazi tatu, mwaka hadi mwaka, ndiko kunakotia hofu, wala si picha moja ya maji kitandani. Mwanafunzi wa Kiswahili anaiona hodi hiyo bila msaada. Angeisoma habari hiyo katika Kiingereza, angekuta maji yakigonga mlango tu, na kugonga mlango hakubebi mkataba wa mgeni na mwenyeji. Kwa hiyo hata kupungua kwa maana kutoka lugha moja kwenda nyingine ni somo la uchambuzi, na wanaoweza kulipata somo hilo ni hao hao wanaodhaniwa kuwa na upungufu.

Neno la mwisho la kuangaliwa ni sisi. Kiswahili hakilihitaji hapo; kiambishi tu- cha tutalala kimekwisha kulibeba. Likitajwa, basi limewekwa kwa kusudi, hapa kwa kuwapambanisha watu na maji. Katika Kiingereza kiwakilishi hakiachwi, na kwa sababu hiyo kuwepo kwake peke yake hakuthibitishi kitu. Msomaji hana budi kutazama pale msemaji anapohama kutoka ninyi kwenda sisi, au kutoka wao kwenda sisi. Kadhalika dharau ambayo Kiswahili hutia kwa kubadili ngeli, mtu akawa kijitu au jitu, Kiingereza huitia kwa kivumishi au kwa mpangilio wa maneno. Na heshima ambayo Kiswahili huibeba kwa kitenzi cha dhamira tegemezi, kama katika mngoje kidogo, Kiingereza huibeba kwa vitenzi visaidizi. Mwanafunzi anayezitafuta mbinu mahali zinapokaa katika lugha yake hazioni, kisha husema kifungu hakina mbinu. Jambo hili halipatikani katika orodha yoyote ya tamathali, na ni la kusikitisha, kwa kuwa lingefundishwa kwa juma moja.

Mfano ulio bora kabisa wa ushawishi katika vitabu vya shule za Kiingereza duniani ni hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Caesar, katika tamthilia ya Shakespeare. Tanzania ina sababu ya pekee ya kuijua. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu huko Pugu, nje ya mji, mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU, na ambaye nyumba yake ya Magomeni bado inatunzwa, aliitafsiri tamthilia hiyo, na tafsiri ikatoka mwaka 1963, kisha ikasahihishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Antony hurudia sifa moja ya Brutus tena na tena. Mwanafunzi akiandika takriri, amefika mlangoni. Akiandika kwamba kila sifa inaporudi hutanguliwa na ushahidi unaoipinga, hata neno lile lile la heshima likageuka tusi bila kubadilishwa herufi, ameingia ndani. Aliyewahi kuiona kanga ikiwa faraja kwa mmoja na mshale kwa mwingine hatashangaa sana.

Karama naye, katika Kusadikika, hujitetea barazani kwa siku sita, kila siku kwa habari ya mjumbe mmoja. Na nguvu ya utetezi wake haitoki katika misemo mizuri, ingawa imo, bali katika kule kurundikana kwa ushahidi mpaka baraza likose pa kutokea. Vitabu hivi viwili vingewekwa juu ya meza moja, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wakakaa pamoja kipindi kimoja tu, darasa lingeona kwamba swali ni moja: msemaji anataka nini kwa hawa wanaomsikiliza, na neno hili limemsaidiaje kulipata? Jina la mbinu hufuata baadaye, kwa faida ya kufupisha maneno. Abd al-Qahir al-Jurjani, katika karne ya 11, alikwisha kutetea kwamba ubora wa usemi haumo katika neno moja moja bali katika jinsi maneno yalivyopangwa na kufungamana. Wanaofundisha istilahi zilizotoka katika elimu yake wangefaa kukumbuka pia hoja yake.

Kuna walimu watakaosema kwamba darasa la wanafunzi wengi haliruhusu kazi ya namna hii, na kwamba orodha ya majina hukaririwa upesi na kusahihishwa upesi. Neno lao ni la haki. Mwalimu aliye na rundo la madaftari hawezi kulaumiwa kwa kutafuta njia fupi, hasa ikiwa mtihani wenyewe huilipa njia hiyo. Ndiyo maana mageuzi, kama yatakuja, yataanzia kwa mtunga swali kuliko kwa mwalimu. Swali linalomtaka mtahiniwa ataje mbinu nne na mifano yake litapata mbinu nne na mifano yake. Swali linaloweka mbele yake kifungu kifupi asichopata kukiona, likamwambia maneno haya yalisemwa na nani kwa akina nani, kisha likamwuliza kwa nini msemaji alichagua neno hili mahali hapa na kingepotea nini lau angalichagua jingine, haliwezi kujibiwa kwa kukariri. Msahihishaji naye aruhusiwe kumpa alama mwenye kueleza vizuri kazi ya neno hata akikosa jina lake la Kigiriki. Kwa upande wa istilahi za Kiswahili, kazi iliyo karibu ni kuziandalia shule jedwali dogo linaloeleza asili ya kila jina, maana yake ya shuleni, na mahali linapoachana na jina la Kiingereza linalodhaniwa kuwa sawa nalo. Na kinaya na majazi ndiyo yafaayo kuanza.